Kizibao cha Manjano

Saa moja na nusu asubuhi, Chicago, upande wa magharibi.
Baridi inauma masikio kama mbwa asiyebweka.
Mimi na kizibao changu cha manjano
na kibao kilichoandikwa SIMAMA
tunavusha watoto wa watu.

Barabara yenyewe si pana. Hatua kumi na nne,
kumi na sita mtoto akiwa na mkoba mzito.
Zamani hakuna aliyehitaji kuvushwa;
shule ilikuwa huku, nyuma ya kanisa,
mpaka halmashauri ilipohesabu viti vitupu,
ikapiga kufuli, ikapigilia mbao madirishani,
ikasema nafasi zipo tele ng'ambo.

Ng'ambo.
Waliangalia ramani.
Hawakuuliza ni ramani ya nani.

Marehemu baba, Odell Pettigrew, aliijua nyingine.
Alikwenda benki amevaa suti ya harusi yake
kuomba mkopo wa nyumba. Karani akavuta droo,
akaona mtaa wetu umezungushiwa wino mwekundu,
akaisukuma droo kwa goti.
Baba akanunua kwa dalali, bei maradufu,
kwa karatasi isiyo hati: ukikosa mwezi mmoja umekosa yote.
Akakosa mwezi mmoja.
Ndio ule kiwanda cha vyuma kilipozima tanuri.
Vyombo vyetu vikalala kando ya njia siku mbili,
godoro, sufuria, picha ya bibi imetazama juu,
mvua ikimnyeshea machoni.

Wino ule haujakauka hadi leo.
Wavulana wanaulinda usiku kucha
wala hawamjui aliyeuchora.

"Huu upande wetu, Bi Velma," ananiambia Lavontay,
miaka kumi na sita,
niliyemvusha akiwa hana meno ya mbele.
Upande wenu? Nyumba za kupanga,
duka la pombe la mtu asiyelala hapa,
mahame matatu, taa iliyokufa tangu Machi.
Hana hata tofali.
Aliyenyimwa nyumba atamiliki kona.

Kwenye televisheni bwana mmoja mwenye tai
alitikisa kichwa kwa huruma ya kukodi:
wanauana wenyewe kwa wenyewe,
kikulacho ki nguoni mwako.
Sikatai, kimo nguoni.
Kidole kilichovuta kina mwenyewe, na mwenyewe namjua,
nimemfunga kamba za viatu.
Lakini nguo nani aliishona?
Nani aliikata fupi hivi,
akawarushia watu wawili katikati ya baridi,
akarudi dirishani kutazama?

Ilikuwa Jumanne, saa tisa, shule zimetoka.
Dequincy wa ng'ambo alikuwa anakula chipsi.
Babu yake na baba yangu walifungua vyakula vyao
kwenye benchi moja pale tanurini, miaka kumi na tisa;
huyu mmoja hali yai, humpa mwenzake.
Nikaiona bastola kabla ya kumwona Lavontay.
Nikafanya kazi ninayoijua:
nikainua kibao juu.
SIMAMA.
Magari yakasimama. Basi likasimama.
Risasi haijui kusoma.

Chipsi zilibaki lamini mpaka jioni.
Hata njiwa hawakuzigusa,
au labda walizigusa, mimi sikuweza kutazama.

Mama yake Lavontay hunipita sokoni
kama aliyeiba kitu.
Juzi nilimshika mkono karibu na vitunguu.
Hatukusema neno.
Nilikuwa na hasira naye, bado ninayo,
na mkono sikuuachia.

Leo theluji imeanguka ya kwanza.
Amiyah, miaka sita, glavu za rangi mbili,
amesimama ukingoni, anainamia lami.
"Bi Velma, kaka anasema hapa pana mstari.
Mbona siuoni?"

Nami nikainama.
Nyeupe huku, nyeupe kule,
alama za magurudumu, unyayo wa paka.

Nipe mkono, nikamwambia. Hesabu nami.
Moja. Mbili.
Usitazame chini. Tatu.